Daktari Küchenmeister na Safari ya Yai la Tegu

Ndugu msomaji, kama unaishi mahali wanapofuga nguruwe, labda umewahi kumwona mnunuzi akimlaza nguruwe chini na kumpanua kinywa kwa kijiti. Kisha huuvuta ulimi na kuupapasa kwa vidole. Anatafuta nini? Anatafuta vifuko vidogo vyeupe vyenye maji. Vingine ni vidogo kama punje ya mtama, vingine hufikia ukubwa wa punje ya hindi. Akivikuta, humwacha nguruwe huyo, au hutaja bei ya chini.

Kazi hii ni ya zamani sana. Mtaalamu mmoja wa Ugiriki, Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika habari za vifuko hivyo. Katika siku zake watu walikwisha kujua kuvitafuta chini ya ulimi wa nguruwe. Watu walimjua pia tegu. Tegu ni mnyoo mrefu, mweupe, bapa kama utepe, naye hukaa katika utumbo wa mtu.

Basi watu walivijua vifuko, na tegu walimjua. Jambo ambalo hawakulijua kwa zaidi ya miaka 2,000 ni kwamba vifuko na tegu ni mnyoo mmoja. Katika kuonyesha jambo hili, daktari mmoja wa Ujerumani alifanya kazi kubwa kuliko wengine. Njia aliyoitumia mwishoni inatisha, nawe utaisoma.

DAKTARI HUYU NI NANI?

Jina lake ni Friedrich Küchenmeister. Jina hili ni gumu kulisoma. Litamke kama Ki-hen-mai-sta, nawe utakuwa karibu. Wasomi wa udaktari duniani kote wanalijua.

Alizaliwa tarehe 22 Januari, 1821, katika kijiji cha Buchheim. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa imegawanyika katika dola nyingi, kubwa na ndogo. Buchheim ilikuwa katika ufalme wa Sachsen. Alisoma udaktari katika mji wa Leipzig na katika mji wa Prague. Baada ya masomo alikwenda kufanya kazi katika mji mdogo wa Zittau. Hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa daktari wa kawaida, anayetibu watu wenye homa na vidonda. Uchunguzi wa minyoo aliufanya pamoja na kazi hiyo.

FUMBO LA VIFUKO

Siku hizo wataalamu walibishana sana juu ya vifuko. Wako waliosema kwamba vifuko huzuka vyenyewe tu ndani ya nyama. Wengine walisema kwamba vifuko ni tegu waliopotea njia. Kwa maoni yao, tegu huyo aliingia mahali pasipo pake, akaugua, akavimba na kujaa maji, na mwisho wake ni kufa humo. Mmoja wa waliosema hivyo alikuwa profesa mashuhuri, von Siebold.

Küchenmeister hakukubali. Alikuwa mtu wa dini, na aliona kwamba viumbe havikupangwa hivyo, vikaishia njiani bila ya sababu. Lakini imani peke yake haikutosha. Alitazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo. Ndani ya kila kifuko aliona kichwa kidogo kilichokunjwa kwa ndani. Kichwa hicho kilifanana na kichwa cha tegu. Akajiuliza: Je, kifuko kikiliwa, kichwa hiki hakiwezi kutoka na kuwa tegu mzima?

Mwaka 1851 alianza kujaribu. Alichukua vifuko kutoka kwa sungura akawalisha mbweha na mbwa. Alichukua vingine kutoka kwa panya akawalisha paka. Baadaye alipowapasua wanyama hao, alikuta tegu katika matumbo yao. Vifuko havikuwa vimepotea njia. Vilikuwa vikingoja kuliwa.

KONDOO WENYE KIZUNGUZUNGU

Sasa ilibaki nusu ya pili ya fumbo. Kifuko humfikiaje sungura au kondoo? Sungura hali nyama. Kondoo naye hula majani tu.

Wafugaji wa Ulaya walikuwa na ugonjwa uliowatia hasara kubwa. Kondoo alianza kuzunguka mahali pamoja kama mlevi. Alijigonga ukutani, akaacha kula, kisha akafa. Walipompasua kichwa walikuta kifuko kikubwa cha maji ndani ya ubongo. Küchenmeister alichukua vifuko hivyo akawalisha mbwa. Mbwa walipata tegu. Kisha alichukua pingili za tegu wale, zilizojaa mayai, akawapa kondoo wazima. Kondoo wakashikwa na kizunguzungu.

Majaribio haya ya mwaka 1853 na 1854 yalirudiwa na wataalamu wengine, nao wakaona yale yale. Tazama jinsi mzunguko ulivyo. Mchungaji anamchinja kondoo mgonjwa na kumtupia mbwa kichwa. Mbwa anapata tegu. Mbwa anakunya malishoni. Mvua inatawanya mayai katika majani. Kondoo anakula majani pamoja na mayai. Mchungaji analia kwamba ana bahati mbaya, kumbe mbwa wake mwenyewe ndiye apandaye ugonjwa.

Wako tegu wengine wa mbwa ambao mayai yao huwaingia watu. Huko Turkana, Kenya, ugonjwa huu umewasumbua watu sana. Mtu huota kifuko kikubwa cha maji ndani ya ini au pafu, na tumbo huvimba. Lakini hiyo ni habari ndefu. Turudi kwa nguruwe.

MFUNGWA NA SUPU

Watu waliokuwa na shaka walimwambia Küchenmeister kwamba wanyama ni wanyama, na mtu ni mtu. Nani amewahi kuona kifuko cha nguruwe kikigeuka tegu ndani ya mtu? Alihitaji mtu wa kumlisha vifuko, na kisha kumpasua. Utampata wapi mtu wa namna hiyo?

Küchenmeister alimpata gerezani. Alikuwako mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kufa kwa kuua. Katika siku chache zilizobaki kabla ya kunyongwa au kukatwa kichwa, kama sheria za siku hizo zilivyokuwa, mfungwa huyo alipewa chakula chenye vifuko kutoka kwa nguruwe. Vilitiwa katika supu iliyopoa, na vingine katika soseji, ili asivitambue. Hakuambiwa kitu. Alikula kama mtu alaye chakula chake cha mwisho. Baada ya kuuawa, maiti yake ilipasuliwa. Katika utumbo walionekana tegu 10 wachanga sana. Küchenmeister aliitangaza habari hii mwaka 1855.

Wabishi hawakunyamaza. Walisema kwamba tegu wale walikuwa wadogo mno. Basi mwaka 1859 alifanya jaribio la pili. Mfungwa mwingine alilishwa vifuko 20 miezi minne kabla ya kuuawa, na vingine 20 baadaye. Safari hii walikutwa tegu 19. Wengine walikuwa wamekomaa, na aliyekuwa mrefu alifika karibu mita moja na nusu. Ubishi ukaisha.

Wewe msomaji unaonaje? Hata katika siku zile wako wasomi waliomlaumu. Walisema kwamba mtu aliyehukumiwa kufa bado ni mtu. Mimi naona walisema kweli. Mwizi au mwuaji anaweza kupoteza uhuru wake, lakini tumbo lake si shamba la daktari. Leo jaribio kama hilo ni marufuku. Mtu hawezi kufanyiwa uchunguzi bila ya kuelezwa na kukubali. Hata hivyo tunachokijua juu ya nyama ya nguruwe kilipatikana hivyo, na si haki kukisoma bila ya kuwakumbuka wafungwa wale wawili.

YAI LINASAFIRIJE?

Wakati Küchenmeister alipokuwa akichunguza vifuko, wenzake walichunguza mayai. Mwaka 1853 van Beneden wa Ubelgiji alimpa nguruwe mayai ya tegu wa mtu. Nguruwe akaota vifuko. Baadaye Leuckart, Mjerumani, alionyesha kwamba tegu mwingine wa mtu hupitia kwa ng'ombe. Küchenmeister naye alikwisha kuwatofautisha tegu hao wawili. Tegu wa nguruwe ana ndoana kichwani. Tegu wa ng'ombe hana.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa.

Tegu ameungwa kwa pingili, kama muwa. Tegu wa nguruwe huwa na urefu wa mita mbili au zaidi, na pingili zake hufika mamia. Pingili za mkiani ndizo zilizokomaa. Pingili moja yaweza kuwa na mayai 50,000. Kila siku chache pingili kadhaa hukatika na kutoka pamoja na kinyesi. Mwenye tegu huenda asisikie maumivu yo yote. Anakula, analima, anacheka na wenzake. Anaweza kukaa na tegu huyo kwa miaka.

Yai moja halionekani kwa macho. Ukiyapanga mayai 30 kwenye mstari, yatafikia milimita moja tu. Lakini lina ganda gumu. Katika udongo wenye unyevu na kivuli laweza kukaa hai kwa miezi. Jua kali na ukavu hulidhoofisha. Moto huliua.

Mtu akienda haja kichakani, nyuma ya nyumba au migombani, yai huanza safari yake. Nguruwe anayezurura hukila kinyesi chote kwa dakika moja, naye humeza mayai maelfu kwa pamoja. Hii ndiyo njia fupi. Lakini ziko njia ndefu. Mvua huyachukua mayai hadi bondeni, penye bustani za mboga na visima vya wazi. Nzi hutua juu ya kinyesi, kisha hutua juu ya chakula. Dundu wanaoviringisha kinyesi huyameza mayai na kuyapeleka mbali. Kwato za mbuzi, miguu ya kuku, viatu na nyayo zetu huyabeba hadi uani. Mtoto anayetambaa huyaokota kwa viganja. Na ikiwa choo cha shimo kimejengwa bila ya kuta, au kimefurika wakati wa masika, ni sawa na kutokuwa na choo. Wako pia wanaochota uchafu wa chooni kabla haujakaa muda mrefu wakautia bustanini kama mbolea. Mchicha hukua vizuri, lakini yai limo katika majani.

Tena iko njia iliyo fupi kuliko zote. Mwenye tegu anatoka chooni bila ya kunawa mikono kwa sabuni. Mayai yamo chini ya kucha. Anakanda unga, anakata kachumbari, anamlisha mtoto.

KIFUKO NDANI YA MTU

Yai likiingia katika tumbo la nguruwe, ganda hufunguka. Hutoka kiumbe kidogo mno chenye ndoana sita. Hupenya utumbo, huingia katika damu, na damu humchukua hadi katika nyama, ulimi, moyo na ubongo. Huko hugeuka kifuko, na baada ya miezi miwili au mitatu kifuko hukomaa.

Yai hilo likiingia katika tumbo la mtu, hufanya vivyo hivyo. Halimtambui mtu wala nguruwe. Vifuko huota katika nyama ya mtu, katika macho, na katika ubongo. Küchenmeister na madaktari wenzake walivikuta katika maiti za watu, na daktari wa macho von Graefe aliviona ndani ya macho ya watu walio hai huko Berlin. Vifuko vikiwa katika ubongo, mtu huweza kuumwa kichwa siku nyingi, na mara nyingi hushikwa na kifafa.

Kwa hiyo shika mambo haya mawili. Aliyekula nyama yenye vifuko isiyoiva hupata tegu tumboni. Aliyekula mayai, yanayotoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, hupata vifuko mwilini. Nyama haimpi mtu kifafa moja kwa moja. Kifafa hiki hutoka katika kinyesi. Mayai ya tegu wa ng'ombe hayana madhara haya kwa watu. Tunasema juu ya tegu wa nguruwe.

Labda utasema kwamba wewe huli nguruwe, kwa hiyo habari hii haikuhusu. Sikiliza yaliyotokea New York, Marekani. Mwaka 1990 na 1991 Wayahudi 4 wa madhehebu yanayoshika sana sheria za chakula walishikwa na kifafa. Watu hao hawali nguruwe kabisa. Madaktari walipowapiga picha za kichwa na kuwachunguza, walikuta vifuko vya tegu wa nguruwe katika ubongo. Ilikuwaje? Nyumba zao zilikuwa na wapishi na watumishi kutoka nchi ambako tegu huyu yuko. Uchunguzi ulionyesha kwamba yaelekea mayai yaliletwa na watumishi wenye tegu. Habari hii ilichapishwa mwaka 1992.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwaka 1859 Küchenmeister alihamia mji mkubwa wa Dresden. Kitabu chake kikubwa juu ya wadudu waishio ndani ya mtu kilikuwa kimetoka mwaka 1855, na mwaka 1857 kilitolewa kwa Kiingereza. Alisoma na kuandika mambo mengi mengine. Katika uzee wake alipigania sana maiti zichomwe moto badala ya kuzikwa, akiamini kwamba hivyo ni safi zaidi. Wengi hawakumfuata. Alikufa Dresden tarehe 13 Aprili, 1890, akiwa na miaka 69.

Miaka kumi baada ya kifo chake, mwaka 1900, Ujerumani ilitunga sheria ya kukagua nyama katika nchi yote. Nyama ikakaguliwa, vyoo na mifereji vikajengwa, na nguruwe wakafungwa mabandani. Vifuko machoni, ambavyo von Graefe alivikuta mara nyingi, na vifuko katika ubongo, vikawa ugonjwa wa nadra.

KWETU

Katika Afrika Mashariki ufugaji wa nguruwe umeongezeka, na katika vijiji vingi nguruwe bado huachwa wazurure. Wachunguzi wamevikuta vifuko katika nguruwe wa wilaya za Mbulu, Mbozi na Mbinga, Tanzania, na huko Busia, Kenya. Huko Mbulu wamevikuta pia katika ubongo wa baadhi ya wagonjwa wa kifafa. Wengi katika wagonjwa hao hupelekwa kwanza kwa mganga wa pepo. Wengine huachwa waungue motoni kwa sababu watu wanaogopa kuwagusa wanapoanguka. Kifafa hakiambukizi kwa kugusa, wala kwa povu la mdomoni. Mvute mgonjwa mbali na moto.

Mnunuzi anayepapasa ulimi hawezi kuvikuta vifuko vyote. Nguruwe mwenye vifuko vichache mara nyingi hana hata kimoja katika ulimi. Tena nguruwe aliyekataliwa mchana huchinjwa usiku na kuuzwa bila ya Bwana Mifugo kumwona. Ukipika nyama ya nguruwe, ikate vipande vidogo na uipike mpaka wekundu wote uishe ndani. Mishikaki iliyoungua nje na kubaki mbichi ndani ni hatari. Nguruwe afungwe bandani. Iko pia chanjo ya nguruwe ya kuzuia vifuko, na dawa ya kuviua. Mwulize Bwana Mifugo kama zinapatikana kwenu.

Ukiona vipande vyeupe, bapa, kama tambi pana zilizokatwa, katika kinyesi chako au cha mtoto, usione haya. Nenda zahanati. Dawa ya kumwua tegu ipo. Lakini usiinunue na kuimeza mwenyewe tu. Mweleze mganga kama umewahi kuanguka kifafa, au kama unaumwa kichwa kwa muda mrefu. Dawa hiyo ikivikuta vifuko katika ubongo, vifuko vinapokufa ubongo huweza kuvimba, na mgonjwa wa namna hiyo hutibiwa hospitali, mbele ya daktari.